Daktari Aliyeuliza Nasaba za Mbwa

Daktari wa mbwa alikuwa haendi popote bila mfuko wa udongo. Wengine hubeba tambuu, wengine tasbihi. Yeye alifunga nyuma ya baiskeli mfuko wa turubai uliojaa udongo mwekundu, aliouchagua mwenyewe na kuuchekecha kama unga wa maandazi. Dini yetu inamtaka mtu aliyeguswa na mate ya mbwa ajioshe mara saba, moja kwa udongo, na mikono ya Daktari ilikuwa ndani ya vinywa vya mbwa tangu asubuhi. Kwa hivyo kila alipomaliza kazi kwenye ua wa mtu aliomba maji, akachuchumaa pembeni, akaanza kujiosha huku akihesabu kwa sauti. Watoto wa Kengeja walipojua hilo walikuwa wakijificha nyuma ya migomba, wakamngoja akaribie kumaliza, kisha wakatoka kwa adabu zote.

"Shikamoo, Daktari!"

"Marahaba, wanangu."

Akishaitikia alikuwa amesahau amefika wapi, akaanza tena moja. Nilimwona mara nyingine akijiosha mpaka mtungi wetu ukakauka, na bado akiitikia salamu, kwa kuwa hakuweza kuiacha salamu ya mtoto ipite.

Msikitini alisimama safu ya nyuma, na kulia kwake na kushoto watu waliacha nafasi ya kulala mbwa. Hakukasirika. Siku moja aligeuka baada ya sala akasema, "Jamani, kuna mwingine humu aliyejiosha mara saba leo? Basi msogeleeni aliye safi." Imamu alicheka, na kwa kuwa imamu kacheka, watu walisogea. Kidogo.

Naandika habari za mtu ambaye sijui alizaliwa wapi wala baba yake nani, na msomaji asinilaumu, maana nilimuuliza. Wote tulimuuliza. Kwetu mtu hujulikana kwanza kwa ukoo wake, jina lake hufuata baadaye. Tulichojua ni kwamba alitoka Unguja, kwa kuwa alisema "mtu" pale sisi tunaposema "ntu", na kwamba alisoma nchi ya baridi, kwa kuwa alivaa soksi. Ukimuuliza zaidi, yeye alikuuliza mama wa mbwa wako alitoka wapi.

Serikali ilimleta Chake Chake kutibu ng'ombe. Aliwatibu vizuri, lakini kama mtoto anavyofagia ua ili aruhusiwe kwenda kucheza. Moyo wake ulikuwa kwenye maradhi ambayo mbwa huyarithi kwa wazazi wake, na kwa maradhi hayo alikuja kwetu, kusini, kwa baiskeli, kwa sababu alisikia kwamba mbwa wa Kengeja wanapofuka jua likizama.

Lazima nieleze kwa nini watu kama sisi tulikuwa na mbwa. Nguruwe mwitu. Jua likianza kushuka hutoka msituni na kuchimba muhogo kana kwamba wameupanda wao. Usipokuwa na mbwa huna shamba. Mbwa wetu hawakuingia ndani ya nyumba, lakini wasasi, yaani wanaume wanaowinda nguruwe, waliwapenda kwa siri na kuwasifu kwa dhahiri. Miaka ile mbwa wale walianza kugonga miti. Mchana wanaona, ikifika Magharibi wanasimama katikati ya shamba kama watu waliosahau walichotumwa. Watu walisema nguruwe wamekwenda kwa mganga. Wengine walimtaja mpaka mganga mwenyewe.

Mimi nilikuwa na shamba moja la muhogo, mbwa jike mmoja, na ndugu wawili. Baba alianguka juu ya mkarafuu, mama akamfuata kwa homa, nami nikatoka skuli darasa la nne, nikawa mkubwa wa nyumba. Kombo alikuwa na umri wa kutumwa dukani. Mize alikuwa bado anang'oka meno ya utotoni. Baada ya khitma ya mama, Ami, ndugu wa baba yetu, aliniita kando. Alikuwa mkuu wa wasasi, mtu wa kilemba kilichonyooka na sauti iliyozoea kusikilizwa. Hakuwa mtu mbaya.

"Mwanangu," akasema, "nguruwe wamekula nusu ya muhogo wako. Nakupa msimu mmoja. Wakila tena, Kombo atakwenda Unguja kwa jamaa zangu, Mize atakwenda Wete kwa shangazi yenu. Wewe utaolewa, upumzike."

"Sijachoka, Ami."

"Utachoka."

Mwezi ule ule mbwa wangu aliligonga dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunachokaa kulinda shamba, akaliangusha na Kombo akiwa juu yake.

Ndipo Daktari alipopiga hodi. Hakusema "Hodi wenyewe," alisema "Hodi wenye mbwa!" na alipoingia alimsalimu mbwa kwanza.

"Jina lake?"

"Mtasema."

"Nani atasema?"

"Majirani."

Akaridhika. Akamwambia Kombo atawanye makumbi ya nazi uani, alaze kinu, aweke na kigoda kilichovunjika, kisha akaweka bakuli la vichwa vya samaki upande wa pili. Jua likiwa bado juu, Mtasema alipita katikati ya vitu vyote kama bibi harusi. Daktari akakaa, akala muhogo wetu wa kuchemsha, akangoja. Jua lilipozama alimwita tena. Mtasema aliruka kumbi la kwanza kwa bahati, akagonga kigoda, kisha akaingiza kichwa ndani ya kinu.

"Hajakizoea hicho kinu," Kombo akasema haraka.

"Kinu cha nani?"

"Chetu."

"Kipo tangu lini?"

Kombo akaenda kukisimamisha kinu. Daktari akawasha kurunzi, akamtazama Mtasema machoni, na mimi pia nikaona: yaling'aa kupita kiasi, kama sahani iliyosuguliwa mpaka ikawa nyembamba. Nikamweleza habari ya nguruwe na mganga. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kucheka, halafu akasema maneno aliyokuwa akimwambia kila mtu, mkubwa au mdogo, Mwarabu au Mpemba.

"Nimekusikia. Sasa nionyeshe."

Sikuwa na la kuonyesha. Basi akaonyesha yeye. Aliomba kanga, nami nikampa mbili, moja yangu na moja ya marehemu mama, akazitundika kwenye kamba.

"Bi Mkubwa," akasema. Hakuwahi kuniita vingine, na mimi wala sijafika miaka ishirini. "Tuseme macho ya mbwa yamevishwa doti. Kanga moja kapewa na baba, moja na mama. Ikiwa moja imetoboka na moja nzima, ile nzima inamsitiri. Anaona vizuri, na wewe hujui kitu. Lakini akizaa anampa mwanawe moja tu, na hachagui ipi. Siku mwana akipewa iliyotoboka na baba, na iliyotoboka na mama, hana cha kumsitiri. Huyo ndiye Mtasema."

"Mbwa wakivaa kanga zetu," Mize akauliza, "sisi tutavaa nini?"

"Wewe utavaa kanzu yangu."

"Ina udongo."

Kisha nikamuuliza langu. Mtasema ataniangusha, nitapata wapi mbwa anayeona kabla msimu haujesha? Akanyoosha kanga ya mama kwa vidole, taratibu, kama anayeogopa kuichana. Akasema Mtasema bado anaweza kuzaa wana wanaoona wote, ikiwa mume wake ana doti nzima.

"Nitamjuaje?"

"Kwa nasaba," akasema, na uso wake ukang'aa kama wa mtoto aliyeahidiwa halua.

Hapo ndipo taabu yake ilipoanza. Lakini kabla ya hilo niseme kwamba mtu huyu, aliyetia mkono kinywani mwa mbwa anayenguruma, alimwogopa paka. Paka akiingia uani alipanda juu ya baraza na kuzungumza kwa sauti nyembamba. Mize alikuwa na paka. Niliwahi kumwona Daktari akipima macho ya mbwa akiwa juu ya ngazi ya dungu, mbwa kanyanyuliwa na Kombo, paka amekaa chini anajilamba. Tena alikuwa mchoyo wa pweza. Ukimkaribisha muhogo alisema "Tule sote," ukimkaribisha pweza wa nazi alianza kueleza maradhi ya minyoo mpaka wenzake wakaacha kula.

Tukirudi kwenye nasaba. Alipewa banda la karafuu lililoachwa, na kwenye mlango wake akachora kwa chaki ukoo wa mbwa wa Kengeja. Kila Ijumaa baada ya sala alikaa barazani na wanaume akiwauliza baba na babu za mbwa wao. Walifurahi mno. Nani angekataa kuulizwa nasaba? Lakini zamani baba wa Ami alikuwa na mbwa aliyeitwa Jemadari, ambaye inasemekana alimzuia nguruwe dume peke yake mpaka wasasi wakafika. Basi hapakuwa na mtu aliyekubali kumiliki mbwa asiyetoka kwa Jemadari. Zilikuwa zama za siasa, watu wakibishana hata bei ya chumvi, na hilo tu ndilo walilokubaliana.

"Wangu babu yake Jemadari," akasema mzee mmoja mwenye fimbo.

"Jemadari alikufa lini, Mzee?"

"Mwaka wa mvua kubwa."

"Na baba wa mbwa wako alizaliwa lini?"

"Huyo... baada ya mvua kidogo."

"Baada ya muda gani?"

"Mwanangu Faki alikuwa kishaoa."

"Basi Jemadari alizaa akiwa kaburini?"

Mzee akafikiri. "Alikuwa na baraka, yakhe."

"Naam," baraza zima likasema.

Daktari alirudi kwenye mlango wake na chaki. Mistari yote ilikwenda kwa mbwa mmoja, kama mito inayoingia shimoni. Kama ni kweli, hapakuwa na dume hata mmoja wa kumwoza Mtasema, na kama ni uongo, hakujua umeanzia wapi. Alikaa mbele ya mlango huo jioni nzima. Kisha nikamwona anatabasamu peke yake, na tabasamu lile sikulipenda.

Ijumaa iliyofuata alisimama barazani na sauti ya serikali. Akatangaza kwamba kila dume mwenye damu ya Jemadari atahasiwa, na ataanza kesho. Serikali haikujua lolote juu ya hilo. Asubuhi mlango wa banda ulijaa watu.

"Daktari, juzi nilichanganya. Huyu nilimwokota Mkoani."

"Wangu mama yake alikuwa mtembezi mno, Daktari. Nakwambia kwa aibu."

Mzee mwenye fimbo alikuja wa mwisho, anahema. Daktari akamuuliza vipi kuhusu baraka za Jemadari.

"Jemadari?" akasema mzee. "Jemadari gani?"

Daktari alifuta mlango kwa kitambaa cha maji huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Jana wote wana wa mfalme," akaniambia, "leo kijiji kizima mayatima!" Halafu akakumbuka anazungumza na nani, akashusha kitambaa. "Niwie radhi, Bi Mkubwa."

"Usijali. Yatima hana wa kumsingizia."

Akasema watu wawili tu hawakubadili maneno yao. Mmoja mimi: tangu mwanzo nilimwambia Mtasema ni wa ukoo wa Jemadari kweli, kwa kuwa Ami mwenyewe alimpa baba, na sikuona sababu ya kusema jingine. Wa pili Ami. Yeye alikuja bandani na dume lake, akaweka mkono juu ya kichwa chake. "Huyu ni wa Jemadari kwa baba na kwa mama. Lete kisu chako tuone." Daktari alimwinamia kwa heshima. Alipoondoka, Daktari akasema, "Huyo ndiye mtaalamu pekee kijiji hiki. Masikini, na mbwa wake."

Maana Ami naye alikuwa na shauri lake. Alitaka dume lake limpande Mtasema, damu ya Jemadari irudi mahala pamoja, safi. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Daktari akaniambia: dume hilo nalo linagonga miti jioni, basi wana wote watakuwa na kanga mbili zilizotoboka, wote, hata mmoja hatasalimika. Ami ndiye aliyeshika hatima ya Kombo na Mize, na nikimkataa mbele ya watu namkasirisha. Nikimkubali nakosa shamba. Nilikaa na hilo siku nyingi. Mwisho nikamwuliza Daktari yuko wapi huyo mwenye doti nzima.

"Machinjioni, Chake," akasema. "Koko. Mama yake namjua, baba yake hajulikani. Wana wa mama yake niliwapima wote kwa makumbi, mpaka wazee. Hakuna aliyegonga."

"Mlete."

Dereva wa gari la abiria alikataa kumpakia, basi alimleta kwa baiskeli, ndani ya tenga la kuku, kutoka Chake mpaka Kengeja. Alipofika hakuweza kukunja magoti. Koko alikuwa mwekundu, sikio moja limeliwa, ananuka utumbo. "Bwana harusi," akasema Daktari, akalala chini.

Ami alifika kabla tenga halijafunguliwa.

"Unaniletea aibu, mwanangu. Damu ya Jemadari kwa mla matumbo huyu?"

"Nataka mbwa anayeona, Ami."

"Na wewe Daktari, msomi mzima! Huyu ni wa nani?"

"Si wa mtu, Sheikh."

"Na wewe je? Wa nani?"

Daktari akajikung'uta vumbi. "Mimi pia koko, Sheikh. Ila nimechanjwa."

Ami akageuka bila kuaga. Kwa miezi hakupita mbele ya mlango wetu.

Watoto wa Mtasema walizaliwa wekundu, masikio yote mazima. Daktari alikuja kila alipopata nafasi, akatandaza makumbi, akalaza kinu, akangoja jua lizame, na kila mmoja alipita bila kugusa kitu. Akanionya wasije wakaoana wao kwa wao, wala na wa Ami, maana kila mmoja amebeba kanga moja mbovu iliyofichwa. Msimu ule nguruwe walitoka msituni kama kawaida yao, na wale watoto wakubwa wa mbwa waliwatoa mbio mpaka wakatuangushia ua. Muhogo nilivuna mimi. Ami alipita, akatazama mafungu, akasema, "Msimu mmoja si kitu. Tutaona mwakani." Mwakani nikavuna tena. "Tutaona mwakani," akasema. Kila msimu Mize alilala nguo zake zimefungwa kitambaani, kwa kuwa aliyasikia maneno hayo.

Mara yangu ya mwisho kumwona Daktari ilikuwa siasa zimepamba moto, naye anahamishiwa bara. Dume la Ami lilikuwa halioni tena hata mchana, na jike lake lilianza kugonga. Wasasi walikuwa wakimfuata mkuu wao kwa adabu na kurudi mikono mitupu. Ami aliniita, akatazama pembeni, akanituma Chake: nimwombe Daktari yule koko kwa ajili ya jike lake. Aje kwa njia ya nyuma, tenga lifunikwe, na akiulizwa aseme amebeba mbuzi.

Nilimkuta nyumbani kwake Tibirinzi anafunga mizigo. Alipousikia ujumbe alicheka mpaka akakalia sanduku la vyombo. Kisha akauliza, "Na ndugu zako?"

"Wapo. Ami bado anasema mwakani."

Akaacha kucheka. "Mwambie namleta. Lakini huyu hatoki bila mahari."

"Daktari, dume halilipiwi mahari."

"Hili linalipiwa."

Alikuja Ijumaa, baada ya sala, baraza imejaa. Hakupita njia ya nyuma. Alipita katikati ya kijiji akipiga kengele ya baiskeli, tenga wazi, koko amesimama ndani anawatazama watu. Akateremka mbele ya Ami, akatoa salamu, akasema mahari anayotaka ni neno moja tu, lisemwe hapo hapo.

Ami alijua neno gani. Alimtazama koko. Alimtazama dume lake lililolala mlangoni, uso umeelekea ukutani. Kombo alikuwa amesimama karibu yangu, sasa ananipita kwa urefu, na Mize amenishika kanga kwa mikono miwili.

"Watoto hawa," Ami akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kusikilizwa, "watakaa kwa dada yao mpaka wenyewe watake kuondoka. Sina tena mwakani."

"Tumesikia," wazee wakasema.

Mize aliiachia kanga yangu, akakimbia nyumbani. Alikwenda kukifungua kile kitambaa, nilikuta nguo zimetawanyika chumba kizima. Daktari akafungua tenga. Koko aliruka chini, akanusa kanzu ya Ami, na Ami hakurudi nyuma. Alimzunguka taratibu, akamtazama kifua, akamtazama miguu. Halafu akamsogelea Daktari.

"Na huyu kweli hata babu hana?"

"Hana, Sheikh."

Ami akawageukia wazee waliokaa barazani, akawatazama mmoja mmoja.

"Basi tutamtafutia."